Lebo za Umma na Utafutaji wa Taarifa katika Lugha Nyingi: Uhakiki kwa Mifano ya Kutus na Mwea

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki dai moja ambalo limepata wafuasi wengi miongoni mwa wataalamu wa maktaba na wa kompyuta tangu mwanzo wa karne hii. Dai lenyewe ni kwamba maneno ambayo watu wa kawaida huyabandika kwa hiari yao juu ya picha, vitabu na maandishi yaliyomo katika mtandao, maneno ambayo hapa tutayaita lebo, yaweza kuwa daraja baina ya lugha na lugha. Na kwamba mtu atafutaye habari kwa lugha yake ataweza, kwa msaada wa lebo hizo, kuifikia habari iliyowekwa kwa lugha asiyoijua. Dai hili si la kupuuzwa. Kwa lugha zetu, ambazo hazina akiba kubwa ya kamusi za kompyuta wala orodha pana za istilahi, laonekana kuwa ahadi ya neema. Ndiyo sababu lastahili kupimwa kwa mizani ya sarufi kabla ya kupokewa.

Mifano yetu mingi tumeichota Kutus na sehemu zilizo jirani, katika Kaunti ya Kirinyaga. Mji huo uko baina ya miteremko ya kahawa na majani chai upande wa juu, ielekeayo Mlima Kenya, na tambarare ya mpunga ya Mwea upande wa chini. Wenyeji wake husema Kigikuyu cha lahaja za Ndia na Gichugu. Kiswahili ni lugha ya soko na ya stendi. Kiingereza ni lugha ya shule, ya ofisi, na ya Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopata hati yake mwaka 2016. Mtu mmoja, kwa siku moja, hukiita kitu kimoja kwa majina ya lugha tatu bila ya kuona ajabu. Ikiwa kuna mahali ambapo lebo za umma zingefaa kutumika kama daraja la lugha, basi ni mahali kama hapo.

Hoja yetu ni kwamba lebo ni shahidi mwema wa matumizi ya lugha, lakini si mfasiri wa kutegemewa; na kwamba kasoro zake katika Kiswahili zatokana na sifa za lugha yenyewe ambazo watetezi wa lebo, kwa kuwa walichunguza Kiingereza, hawakulazimika kuzifikiria.

2. Dai lenyewe na chimbuko lake

Tangu Melvil Dewey achapishe mpango wake mwaka 1876, na Maktaba ya Bunge la Marekani ianze kutunga orodha yake ya vichwa vya mada mwaka 1898, kazi ya kukipa kitabu jina la somo lake imekuwa mikononi mwa mkutubi. Yeye huchagua neno moja miongoni mwa mengi, na msomaji hutakiwa alijue neno hilo. Udhaifu wa utaratibu huu ulidhihirishwa na Furnas na wenzake mwaka 1987, walipoonyesha kwamba uwezekano wa watu wawili kukichagulia kitu kimoja jina lile lile ulikuwa chini ya 0.20. Yaani, katika kila majaribio matano, wawili hao hupatana kwa wastani pungufu ya mara moja. Ikiwa hali ni hiyo kwa wasemaji wa lugha moja, yafaa tujiulize itakuwaje kwa wasemaji wa lugha tatu.

Mwaka 2003 Joshua Schachter alianzisha huduma ya Delicious, ambako kila mtu aliweza kuhifadhi anwani za kurasa na kuzibandika maneno aliyoyapenda mwenyewe. Flickr, ya picha, ilifuata mwaka 2004, na LibraryThing, ya vitabu, mwaka 2005. Thomas Vander Wal aliupa mwenendo huo jina mwaka 2004, akiunganisha neno la watu na neno la uainishaji. Delicious iliacha kupokea lebo mpya mwaka 2017, lakini fikra iliyoizaa haikufa. Mwaka 2005 Clay Shirky aliandika makala ya kutetea lebo dhidi ya uainishaji wa wakutubi, akidai kwamba pale wakutubi waonapo visawe, mara nyingi pana tofauti halisi ya maana na ya watu watumiao maneno hayo. Golder na Huberman, mwaka 2006, wakaongeza ushahidi wa takwimu: ukurasa ukisha kuhifadhiwa na watu kama 100 hivi, uwiano wa lebo zake hutulia na haubadiliki sana tena. Kwa hiyo, walisema wafuasi wao, fujo ya umma huzaa utaratibu.

Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani yenyewe, iliyokuwa ngome ya utaratibu wa zamani, iliweka baadhi ya picha zake katika Flickr na kuwaalika watu waziandikie lebo. Taarifa yake ya mwishoni mwa mwaka huo yaonyesha kwamba picha 4,615 zilikuwa zimepata lebo 67,176 kutoka kwa washiriki 2,518. Na katika kuzichambua lebo hizo, maktaba ilitenga fungu maalumu la lebo za lugha za kigeni. Hapo ndipo lilipopata nguvu dai la lugha nyingi. Picha haina lugha. Mjerumani, Mhispania na Mswahili waweza kuitazama picha ile ile, kila mmoja akaandika neno lake. Maneno yakutwayo pamoja juu ya kitu kimoja, tena mara nyingi, yamkini ni tafsiri ya mengine. Na kompyuta yaweza kuyahesabu na kujitengenezea kamusi bila ya kumwajiri mwanakamusi hata mmoja.

Hivyo ndivyo lilivyo dai katika sura yake iliyo bora. Sasa na tulitazame kwa upande wa Kiswahili.

3. Nomino isiyo na upatanisho

Sifa ya kwanza ya lebo ni upweke wake. Lebo haina sentensi; ni nomino tupu, aghalabu katika umoja, iliyoondolewa katika kila kitu ambacho kingeambatana nayo. Katika Kiingereza hasara ya jambo hili ni ndogo, maana nomino ya Kiingereza haiathiri sana maneno yaliyo jirani yake. Katika Kiswahili, kinyume cha hayo, sehemu kubwa ya utambulisho wa nomino imo nje ya nomino yenyewe, katika viambishi vya upatanisho vinavyobebwa na vivumishi, viwakilishi na vitenzi.

Tuchukue neno mbuni, ambalo mtu wa Kutus ana sababu nyingi za kuliandika. Kamusi yatupa mbuni ndege mkubwa asiyeruka. Mbuni mti uzaao buni. Na mbuni mtu abuniye jambo. Juu ya hayo matatu, biashara ya kahawa nchini Kenya imeongeza la nne: mbuni ni kahawa iliyoanikwa juani pamoja na ganda lake bila ya kumenywa, nayo huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile iliyopita kiwandani. Katika usemi hakuna anayepotea. Tukisema mbuni huu umekauka, twajua ni mti. Mbuni hii imekauka, twajua ni mazao yaliyoanikwa. Mbuni huyu yaweza kuwa ndege au mtu, lakini wingi huwatenga: mbuni hawa ni ndege, wabuni hawa ni watu. Mibuni hii haina shaka hata kidogo.

Lebo imeviondoa hivi vyote. Mkulima akiandika mbuni juu ya picha ya kahawa iliyotandazwa katika kichanja, na mtalii akaandika mbuni juu ya picha ya ndege mbugani, na mwanafunzi akaandika mbuni juu ya picha ya mchoraji wa mitindo, kompyuta itaona neno moja lililotumika mara tatu. Ikijaribu kutengeneza kamusi kwa kuhesabu, itapata kwamba mbuni hutokea pamoja na jina la Kiingereza la ndege, la kahawa na la mbunifu. Na kwa kuwa picha za ndege huenda zikawa nyingi kuliko za kahawa iliyoanikwa, itaamua kwa wingi wa kura kwamba mbuni ni ndege. Muuza kahawa atakayeuliza bei ya mbuni ataonyeshwa manyoya.

Homonimu zimo katika kila lugha, na watetezi wa lebo watajibu kwamba lebo nyingine zilizo juu ya picha ile ile zitasaidia kuipambanua maana. Jibu hilo lina ukweli kwa kitu chenye lebo kumi na tano. Kwa kitu chenye lebo moja au mbili, ambayo ndiyo hali ya vitu vingi vyenye lebo za Kiswahili, halina nguvu. Na tofauti ya msingi hubaki pale pale: Kiswahili kilikuwa tayari na dawa ya utata huu ndani ya sarufi yake, na umbo la lebo ndilo lililoitupa dawa hiyo.

4. Mlima, kilima na kilimo

Tatizo la pili ni la mofolojia. Mifumo ya utafutaji iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza hukata miisho ya maneno ili maumbo ya neno moja yakutane. Kanuni mashuhuri ya kazi hii ilichapishwa na Martin Porter mwaka 1980. Katika Kiswahili badiliko la umoja na wingi hutokea mwanzoni: mkulima na wakulima hutengana katika orodha kwa umbali wa herufi kumi. Kwa kuwa lebo hupangwa na kulinganishwa kwa herufi zake, aliyeandika wakulima na aliyeandika mkulima hawakutani.

Wanakamusi wa Kiswahili wamelijua tatizo hili kwa miaka mingi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi ya mnyambuliko chini ya kitenzi chake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 ilizipanga nomino kila moja mahali pake kwa herufi yake ya kwanza. Kila njia ina faida na hasara yake, na wasomaji wa jarida kama hili wanaikumbuka mijadala iliyohusu jambo hilo. Wahandisi wa lebo wamekuja wakalikuta tatizo la zamani, wakalidhania kuwa jipya.

Dawa ya haraka ambayo mara nyingi hupendekezwa ni kuifundisha kompyuta kukata viambishi awali pamoja na irabu ya mwisho. Tuijaribu dawa hiyo karibu na Mlima Kenya. Ukikata ki- na -o katika kilimo, wapata lim. Ukikata m- na -a katika mlima, wapata lim. Kilima nacho ni lim. Kulima ni lim. Mashine iliyofanywa hivyo itamletea mpanda milima habari za palizi, na mkulima atafutaye ushauri wa mbolea itampandisha hadi kilele cha Batian. Kata hiyo huunganisha maneno ambayo mfanano wake ni wa sauti tu, na huacha kuyaunganisha mengine yaliyo ndugu, kama vile mkulima, ambalo likikatwa m- tu hubaki kulim.

Kinachohitajika ni uchanganuzi kamili wa neno, wenye kamusi ya mizizi na kanuni za ngeli. Kazi ya namna hiyo ipo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza mwaka 1985, nayo ikazaa mfumo uitwao SALAMA. Lakini uchanganuzi wa namna hiyo hupata sehemu ya nguvu zake kwa kutazama maneno jirani katika sentensi, ili upatanisho ukate shauri pale umbo lenyewe lisipotosha. Kwa lebo, maneno jirani hayapo. Kwa hiyo hata chombo bora tulicho nacho hukutana na lebo kikiwa kimefungwa mkono mmoja.

5. Mpunga, mchele na wali

Tufikie sasa kiini cha dai, yaani kwamba maneno yatokeayo pamoja ni tafsiri. Hakuna mfano ulio bora kuliko zao kuu la Mwea, ambako mifereji ya kwanza ya mpango wa umwagiliaji ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa kazi ya mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari.

Kiswahili hugawanya kitu hiki kwa hatua zake. Ukiwa shambani, na hata ukiwa guniani kabla ya kukobolewa, ni mpunga. Ukisha kukobolewa ni mchele. Ukisha kupikwa ni wali. Kiingereza nacho kina jina la mpunga ulio bado na kapi, walakini neno la jumla ndilo litawalalo katika maandishi na katika lebo. Kigikuyu kilikopa mchele kikalifanya mũcere, na neno hilo moja huenea tangu shamba hadi sahani. Mwenendo huo nao umeingia katika Kiswahili cha bara, ambako husikika mtu akiagiza sahani ya mchele naye ataka wali. Tena lipo neno pishori, jina la soko la mchele wenye harufu nzuri wa Mwea, ambalo kwa mnunuzi wa Nairobi limekuwa karibu sawa na jina la mahali.

Kompyuta ikihesabu lebo za picha za Mwea, itakuta kwamba mpunga, mchele, wali, mũcere na pishori vyote vimo pamoja na neno moja la Kiingereza. Itavihesabu vyote kuwa visawe. Hapo yatokea mambo mawili. Kwanza, ile tofauti ambayo Shirky alitaka ihifadhiwe, ya kwamba watu watumiao maneno mbalimbali hutaka mambo mbalimbali, inafutwa mara tu lebo zinapovushwa katika daraja la Kiingereza. Atafutaye mpunga ni mkulima mwenye shida ya shamba. Atafutaye mchele ni mnunuzi. Atafutaye wali ana njaa au ana wageni. Pili, kwa kuwa neno mchele huandikwa pamoja na jina la Mwea mara nyingi, yawezekana kabisa hesabu ikaonyesha kwamba neno lililo karibu zaidi na mchele ni Mwea. Mahusiano ni ya namna nyingi: tafsiri, mahali, aina, sehemu, matumizi. Kutokea pamoja hakutuambii ni lipi kati ya hayo.

Ubaya wa jambo hili hauko katika nadharia tu. Mwaka 2020 konokono wageni wa jenasi ya Pomacea waliripotiwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Konokono hao hula miche michanga, na mayai yao, ambayo huyabandika juu ya mashina nje ya maji, yana rangi ya waridi iliyokolea. Maarifa ya kupambana nao yalikuwapo tayari, maana walikuwa wamesumbua mashamba ya Asia kwa miongo kadha, lakini yaliandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha za huko, chini ya jina la kisayansi au jina la Kiingereza lenye tunda la tofaa ndani yake. Mkulima wa Mwea hana jina lolote kati ya hayo. Ana macho yake, na anachoweza kuandika ni konokono, mpunga, na mayai mekundu, au ya waridi, au ya pinki, kwa kadiri kila mtu agawavyo rangi. Hapa lebo za umma zingeweza kusaidia kweli, kwa sababu picha ya mayai hayo, ikibandikwa maneno ya mkulima na jina la mtaalamu kwa pamoja, ingeyakutanisha maarifa na mhitaji. Ila ingesaidia kwa sharti kwamba mpunga ubaki mpunga. Ukigeuzwa kuwa mchele, mkulima huyo ataletewa mapishi, na miche yake itaendelea kuliwa.

6. Uchache wa mashahidi na lugha isiyotajwa

Tumeona kwamba utulivu wa lebo waliouona Golder na Huberman huja baada ya watu kama 100 kushughulikia kitu kimoja. Ni sharti tuupokee ukweli huu pamoja na matokeo yake. Katika Kiingereza vitu vingi hufikia kiwango hicho. Katika Kiswahili ni vichache, na katika Kigikuyu ni vichache zaidi, si kwa sababu wasemaji hawapo, bali kwa sababu wasemaji hao hao, wafikapo kwenye kisanduku cha lebo, hupenda kuandika Kiingereza wakitumaini kusomwa na wengi. Hivyo chombo kilichosifiwa kuwa ni sauti ya umma hugeuka kuwa sauti ya lugha iliyo na nguvu tayari. Lebo moja ya Kigikuyu miongoni mwa thelathini za Kiingereza huhesabiwa kuwa kelele, na kanuni za hesabu huiondoa.

Juu ya hayo, lebo haitaji lugha yake. Tuangalie neno Kirinyaga. Kĩrĩnyaga ni jina la Kigikuyu la mlima ambao Wakamba huuita Kĩĩnyaa, na Wameru Kirimaara. Krapf aliuona mwaka 1849 kutoka upande wa Ukambani, na jina la nchi nzima likatokana na matamshi ya huko. Kirinyaga ni pia jina la kaunti, la chuo kikuu, la barabara moja ya Nairobi ambayo hapo awali iliitwa kwa jina la Grogan, na la kitabu cha hadithi cha Mike Resnick cha mwaka 1998. Aandikaye lebo huacha alama za juu ya irabu, kwa kuwa simu yake haizitoi kwa urahisi. Na Kigikuyu chenye irabu saba hubaki na tano. Neno lililovuliwa alama zake halijulikani tena kama ni la Kigikuyu, la Kiswahili au la Kiingereza. Mfumo usiojua neno ni la lugha gani hauwezi kulifasiri. Waweza kulirudia tu.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe kuna mipaka. Mwanafunzi wa Kutus husoma shule ya upili, wa Morogoro shule ya sekondari. Mmoja hutazama runinga, mwingine televisheni. Kifaa ambacho Mkenya aliyepitia darasa la Kiswahili hukiita tarakilishi, Mtanzania hukiita kompyuta, na wachache walijaribu kukiita ngamizi. Kabla ya kuvuka kwenda lugha nyingine, utafutaji wa Kiswahili una mto wa kuvuka nyumbani. Na hapa, ni haki kukiri, lebo zina manufaa makubwa. Hakuna kamati, tangu ile ya Lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930 hadi BAKITA ya mwaka 1967, iliyopata kuwa na njia ya kuona kwa upesi ni neno gani kati ya matatu ambalo watu wamelikubali bila ya kuamriwa. Lebo, zikihesabiwa kwa nchi na kwa miaka, zaweza kutoa ushahidi huo.

7. Nani aulizaye?

Limebaki swali moja ambalo halimo katika hesabu. Utafiti wa utafutaji uvukao lugha umeongezeka katika miaka ya karibuni, na Kiswahili hakikusahauliwa. Mpango wa MATERIAL wa Marekani, ulioanza mwaka 2017, ulikichagua Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kwanza. Mwaka 2023 mkusanyo wa majaribio uitwao CIRAL ulikiweka pamoja na Kihausa, Kisomali na Kiyoruba. Kazi hizi ni za thamani, na ya pili iliwashirikisha Waafrika wenyewe. Lakini katika zote mbili ulizo huandikwa kwa Kiingereza, na hati za lugha za Kiafrika ndizo zitafutwazo.

Mwelekeo huo una maana. Chombo hutengenezwa kwa kumfuata yule aulizaye. Mchunguzi asiyejua Kiswahili anasaidiwa ajue Waswahili wamesema nini. Mkulima wa Mwea asiyejua Kiingereza hasaidiwi kujua Wafilipino walifanyaje na konokono wao. Kukipimia chombo njia ya kwenda hakutoshi kuthibitisha kwamba njia ya kurudi ipo. Na tumekwisha kuona katika mfano wa mpunga kwamba haipo, maana neno moja la Kiingereza halijui ligawanyike wapi lirudipo katika Kiswahili. Dai la kwamba lebo zitaziokoa lugha ndogo lapasa kuulizwa kila mara: zitamwokoa nani, akiwa ameketi upande gani wa daraja?

8. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza, twatoa rai nne.

Kwanza, mfumo wowote wa lebo utakaotumiwa katika maktaba na vyuo vyetu uitake lebo itaje lugha yake, na kwa Kiswahili itaje ngeli, au angalau wingi wake. Kuandika mbuni/mibuni ni kazi ya sekunde mbili, nayo huondoa utata ambao hesabu ya lebo elfu haiuondoi.

Pili, ulinganisho wa lugha ufanywe kwa dhana, usifanywe kwa kupitia neno la Kiingereza. Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, hukipa kila kitu namba isiyo ya lugha yoyote, kisha huruhusu majina ya lugha zote yaambatanishwe nayo. Katika utaratibu wa namna hiyo mmea, nafaka na chakula huweza kuwa na namba tatu, na Kiswahili kikapata nafasi ya kusema mpunga, mchele na wali pasipo kuomba ruhusa.

Tatu, lebo zikusanywe na kupitiwa na watu wanaoijua lugha. Kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 iliualika umma kuchangia, miaka mingi kabla ya neno lebo kupata maana yake ya sasa; na yaliyo mema katika kazi ile yalitokana na kuunganishwa kwa wachangiaji wengi na wahariri wachache. Umma hutoa ushahidi. Hukumu yataka mtu aliyeketi na kamusi na sarufi mezani.

Nne, majaribio yafanywe kwa ulizo za Kiswahili na za Kigikuyu, zilizochukuliwa katika vinywa vya watu wenye haja halisi, na mafanikio yapimwe kwa kuona kama mtu huyo alikipata alichokitaka.

Kazi hizi nne si za mafundi wa kompyuta peke yao. Ya kwanza ni ya mwanasarufi, ya pili ni ya mwanasemantiki, ya tatu ni ya mwanakamusi, na ya nne ni ya mtafiti wa nyanjani. Idara za lugha za Kiafrika zina watu wa namna zote hizo, na wengi wao hawajaalikwa mezani kwa kuwa hawajabisha hodi. Msimu wa kupandikiza mpunga ukifika tena Mwea, kuna mkulima atakayeyaona mayai ya waridi juu ya mashina na kuitoa simu yake mfukoni. Maneno atakayoyaandika twayajua tayari, na ni juu yetu kuona kwamba yanamfikisha mahali.